Nguo za kike za zamani za Marshall Field's, Chicago: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Lebo hukuambia nguo iliuzwa wapi. Mshono ndio hukuambia ilishonwa lini. Karibu maswali yote ninayoulizwa kuhusu nguo za Marshall Field's huzaliwa pale mtu anapochanganya mambo hayo mawili, kwa hiyo majibu mengi hapa chini yatakurudisha ndani ya nguo, kwenye bitana, zipu na pindo, hata kama uliuliza kuhusu jina lililoandikwa shingoni.

## Duka lenyewe

Marshall Field's lilikuwa duka la namna gani?

Lilikuwa duka kubwa la Chicago, katika mtaa wa State, lililokusanya kila kitu chini ya paa moja: vitambaa, kofia, glavu, viatu, samani, vyombo, vitabu na peremende. Chanzo chake ni duka la vitambaa alilofungua Potter Palmer mwaka 1852. Mwaka 1865 Marshall Field, kijana wa kutoka mashambani Massachusetts, aliingia ubia naye pamoja na Levi Leiter. Moto mkubwa wa Oktoba 1871 uliteketeza duka pamoja na sehemu kubwa ya mji. Likajengwa upya, likaungua tena 1877, likajengwa tena. Leiter alipoondoka mwaka 1881, jina likawa Marshall Field & Company.

Jengo ambalo watu wengi hulikumbuka lilikamilika kwa awamu mwanzoni mwa karne ya 20. Field mwenyewe alifariki Januari 1906, kwa hiyo hakuliona dari maarufu la vioo vya Tiffany lililozinduliwa 1907, lenye vipande vya kioo zaidi ya milioni moja na nusu.

Sifa yake kubwa ilikuwa jinsi lilivyomhudumia mwanamke. Kauli ya dukani ilikuwa kwamba bibi apewe anachotaka, na bidhaa aliyoijutia ilirudishwa bila mabishano. Hata mkahawa wake ulianzia kwenye kitengo cha kofia: muuzaji mmoja wa kitengo hicho, Bi Hering, aliona wateja wake wamechoka na wana njaa, akawagawia pai ya kuku aliyokuja nayo kutoka nyumbani. Mwaka 1890 duka likafungua chumba cha chai chenye meza 15. Wakati huo mwanamke wa heshima akiwa peke yake mjini hakuwa na mahali pa kukaa ale kwa amani, hivyo pai ile ilifanya biashara zaidi ya matangazo mengi.

Je, wanawake wote walikaribishwa hivyo?

Hapana. Kwa miongo mingi, maduka makubwa ya mtaa wa State yaliajiri Wamarekani weusi kwenye lifti, usafi na jikoni, si nyuma ya kaunta ya magauni, na wateja weusi mara nyingi walipuuzwa au kufuatwafuatwa. Naliweka jibu hili mapema kwa sababu picha za zamani za duka huonyesha glavu nyeupe na tabasamu tu. Mwanamke mweusi aliyevaa gauni la Field's mwaka 1945 alikuwa amelipia kitambaa na mengine juu yake.

Duka lilifungwa lini? Ni lile lile la Macy's?

Jengo lipo, jina ndilo lililoondoka. Mwaka 1982 kampuni ilinunuliwa na BATUS, tawi la kampuni ya tumbaku ya Uingereza. Mwaka 1990 ikaenda kwa Dayton Hudson, iliyokuja kuitwa Target. Mwaka 2004 ikauzwa kwa kampuni ya maduka ya May, na mwaka uliofuata May nayo ikamezwa na Federated, wenye Macy's. Tarehe 9 Septemba 2006 bango la Marshall Field's likawa la Macy's, na wenyeji wa Chicago wakaandamana nje kwa mabango. Nimekutana na akina mama huko ambao hadi leo hawalitamki jina jipya, wanasema tu, "naenda Field's."

Kwa mkusanyaji, hii ina maana kwamba nguo yenye lebo ya duka hili inaweza kuwa ya 1890 au ya 2005. Jina peke yake halitoshi kuiita nguo ya zamani.

Kuna uhusiano wowote na Afrika Mashariki?

Upo, ila si wa nguo. Mwaka 1893 Marshall Field alitoa dola milioni moja kuanzisha jumba la makumbusho la Chicago ambalo baadaye lilipewa jina lake. Humo ndimo walimo simba wawili wa Tsavo waliokula vibarua wa reli mwaka 1898. Makumbusho yalinunua ngozi zao miaka ya 1920 kwa Patterson, aliyewaua, kwa dola 5,000. Ngozi zilikuwa zimetandikwa sakafuni kama mazulia kwa miaka mingi, ndiyo maana simba wale wanaonekana wadogo kuliko hadithi yao.

Uhusiano mwingine ni wa mbali zaidi, lakini mtu wa nguo ataupenda. Neno letu "amerikani", la kitambaa kile kigumu cha pamba kisichotiwa rangi, lilitokana na mizigo ya wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, waliokuwa wakitia nanga Unguja karne ya 19. Field alitoka jimbo lilelile. Hakuwahi kuwa na meli Unguja, ila biashara ya vitambaa iliyomlea ndiyo iliyotuachia neno.

## Lebo na vitengo

Lebo zake zinasemaje, na kila moja ina maana gani?

Lebo ya "Field, Leiter & Co." ni ya kabla ya 1881 na ni adimu sana. "Marshall Field & Company" ilitumika kwa muda mrefu mno, kwa hiyo peke yake haikuambii mengi. "Marshall Field's" kwa kifupi mara nyingi iko kwenye nguo za miaka ya mwisho mwisho. "Field Gear" ilikuwa chapa ya duka ya miaka ya 1980, nguo nzuri za kuvaa kila siku, lakini usilipe bei ya kale.

Kwenye magauni ya karne ya 19 usitafute lebo shingoni. Geuza nguo utazame mkanda wa ndani wa kiuno. Huko ndiko jina lilikofumwa au kupigwa chapa.

"28 Shop" ni nini, na kwa nini watu huipapatikia?

Ilikuwa saluni ya nguo za bei ya juu kabisa, iliyofunguliwa 1941 ghorofa ya sita. Jina lilitokana na mlango wake, namba 28 mtaa wa Washington Mashariki, ambako mteja alipanda lifti bila kupita katikati ya umati. Iliandaliwa na Joseph Platt, mtu aliyezoea kupamba seti za Hollywood, na ilionekana hivyo: mteja aliketi kwenye kochi, akaletewa nguo moja moja. Hakupekua nguo kwenye vyuma.

Lebo ya 28 Shop huongeza bei, na kwa haki, kwa sababu kwa kawaida kazi ya ndani ni ya hali ya juu: bitana ya hariri, pindo lililoshikizwa kwa mkono, mkanda wa kiuno wa ndani unaobeba uzito wa sketi ili usining'inie mabegani. Lakini nimeshaona lebo hiyo kwenye nguo ambayo haikustahili hata kidogo. Soma swali la lebo za kubandika, chini kabisa.

Je, kila nguo ya Field's ni ya kifahari?

Sivyo. Duka lilikuwa na orofa ya chini ya ardhi ya bei nafuu tangu miaka ya 1880, ambako karani au mwalimu alipata gauni la heshima kwa mshahara wake. Nguo nyingi zilizobaki ni za huko na za ghorofa za katikati. Kwangu hizo ndizo zinazofundisha zaidi, maana unaona fundi alivyobana kitambaa: pindo jembamba, bitana nusu, vifungo vya bei rahisi juu ya mkato mzuri.

Nani alizishona? Duka lilikuwa na mafundi wake?

Mwanzoni ndiyo. Katika karne ya 19 duka liliuza vitambaa na lilikuwa na mafundi wa kushona kwa kipimo cha mteja. Nguo zilizoshonwa tayari ziliposhika soko karne ya 20, nyingi zilitoka viwanda vya New York na vingine vya Chicago kwenyewe, na duka likashonea jina lake shingoni. Ndiyo maana magauni mawili yaliyotoka meza moja ya kiwanda yanaweza kuwa na lebo za maduka mawili ya miji tofauti.

Za Paris ni habari nyingine. Duka lilikuwa na ofisi ya ununuzi Paris, na maduka makubwa ya Marekani yalikuwa na utaratibu wa kuilipa nyumba ya mitindo kwa modeli pamoja na haki ya kuinakili. Nakala hiyo ilifuata mstari kwa mstari na ilikuwa halali kabisa, wala si nguo bandia. Thamani yake ni ndogo kuliko ya nguo ya Paris yenyewe, ila ni kubwa kuliko watu wanavyodhani.

Nguo yangu ina lebo mbili. Ipi ni ya kweli?

Zote mbili. Wabunifu wa Marekani kama Norman Norell, Pauline Trigère au Adrian waliuza kupitia maduka, hivyo jina la mbunifu hukaa juu na la duka chini yake au pembeni. Ukikuta lebo ya tatu ndogo ndani ya mshono wa ubavuni, furahi zaidi: hiyo huenda ni ya chama cha mafundi, na ndiyo itakayokupa umri (tazama sehemu inayofuata).

## Kujua umri

Nianze kutazama wapi?

Geuza nguo ndani nje, kaa karibu na dirisha. Tazama kwa mpangilio huu: lebo ndogo zilizofichwa, zipu, kingo za mshono, pindo, kisha kitambaa. Mtindo wa nje uwe wa mwisho. Mitindo hurudi, miaka ya 1970 walishona magauni ya sura ya miaka ya 1930, na miaka ya 1980 wakarudisha mabega mapana ya miaka ya 1940. Macho yanadanganywa na sura, lakini hakuna kiwanda kilichohangaika kudanganya ndani ya mshono.

Lebo ya chama cha mafundi inasomwaje?

ILGWU kilikuwa chama cha wafanyakazi wa nguo za kike, kilichoanzishwa 1900. Lebo yake ni kipande kidogo kilichoshonwa ubavuni, kiunoni au nyuma ya lebo kubwa. Ikiwa na herufi AFL peke yake, nguo ni ya kabla ya mwisho wa 1955. Ikiwa AFL-CIO, ni ya baada ya hapo, kwa sababu AFL na CIO, mashirikisho mawili ya vyama vya wafanyakazi, yaliungana Desemba 1955. Ikiwa na rangi tatu za bendera, nyekundu, nyeupe na buluu, ni ya kuanzia 1974. Mwaka 1995 chama kiliungana na kingine kikaitwa UNITE, kwa hiyo jina hilo likionekana, nguo ni ya juzi tu.

Kuna kingine kizuri zaidi, ila adimu: lebo yenye tai wa buluu na herufi NRA. Ni ya mpango wa serikali wa Rais Roosevelt ulioanza 1933 na kufutwa na mahakama 1935. Miaka miwili tu! Hakuna kipimo kingine cha umri kinachokaribia hicho.

Na lebo za aina ya nyuzi na maelekezo ya kufua?

Hizi zililetwa na sheria, na sheria zina tarehe. Nguo za sufu zilianza kulazimika kutaja kiasi cha sufu mwaka 1941. Kutaja nyuzi zote kwa asilimia kulianza Machi 1960. Maelekezo ya kufua yaliyoshonwa kwenye nguo yalilazimishwa Julai 1972. Basi gauni lenye lebo ya "fua kwa maji baridi" iliyoshonwa kiwandani haliwi la miaka ya 1950, hata muuzaji aape.

Kinyume chake hakina nguvu hivyo. Lebo ikikosekana, huenda ilikatwa kwa sababu ilikuwa ikimkwaruza mwenye nguo shingoni.

Namba ya RN ni nini?

Ni namba ya usajili ya mtengenezaji au muuzaji. Zilianza kutolewa 1952. Zile za mwanzo, hadi 1959, ni ndogo, hazifiki 5,000. Baada ya hapo hesabu iliruka ikaanzia 13670 na kupanda. Namba hukuambia kampuni ilisajiliwa lini, si nguo ilishonwa lini. Kampuni iliyosajiliwa 1961 iliweza kutumia namba hiyohiyo miaka 30.

Zipu inasema nini?

Zipu ya chuma ubavuni, kwenye gauni, huelekeza mwishoni mwa miaka ya 1930 hadi ya 1950. Zipu ya chuma mgongoni, chini ya shingo, huonekana zaidi kadiri miaka ya 1950 inavyosonga. Zipu ya nailoni inaanzia miaka ya 1960. Kabla ya zipu kuzoeleka kulikuwa na vifungo vidogo na kulabu pembeni ya kiuno, safu nzima, na uvumilivu wa kuzifunga.

Lakini zipu ndicho kitu cha kwanza kuharibika na cha kwanza kubadilishwa. Tazama uzi ulioishonea: ukiwa na rangi au mng'ao tofauti na uzi mwingine wa gauni, kuna fundi aliyepita hapo. Hakikisha kwa kingo za mshono. Kingo zilizokatwa kwa mkasi wa meno, au kukunjwa na kushonwa kwa mkono, ni za zamani zaidi kwa kawaida. Kingo za ovaloki kwenye kila mshono, pamoja na uzi wa poliesta, huvuta kuelekea miaka ya 1960 na kuendelea.

Nitatambuaje nguo ya wakati wa vita?

Kwa ubahili wake. Aprili 1942 serikali ya Marekani ilitoa amri iliyojulikana kama L-85, iliyobana kitambaa: pindo lisizidi inchi 2, sketi isiwe pana, koti liwe fupi, mifuko ya kubandika na mapambo yapunguzwe. Suti ya Field's ya 1943 ni nyembamba na kavu, mabega yana pedi, na kila sentimita imehesabiwa. Kisha tarehe 12 Februari 1947 Christian Dior akaonyesha Paris sketi za mita nyingi na viuno vilivyobanwa. Ukiweka suti ya 1943 na ya 1949 kwenye kitanda kimoja, huhitaji mtu wa kukueleza njaa ya kitambaa ilivyokuwa.

## Saizi na kuvaa

Lebo inasema 12, mimi navaa 12, kwa nini haipiti?

Kwa sababu namba ilibaki, mwili wake ukabadilika. Mwaka 1939 na 1940 wizara ya kilimo ya Marekani ilipima wanawake karibu 15,000, na kutokana na vipimo hivyo ukatolewa mwongozo wa kitaifa wa saizi mwaka 1958. Humo, saizi 8 ilikuwa kifua inchi 31 na kiuno inchi 23 na nusu. Tafuta mtu mzima mwenye kiuno hicho leo uone. Baadaye viwanda vilianza kupunguza namba ili kumfurahisha mteja, na mwongozo ukafutwa 1983.

Kwa hiyo sahau namba. Chukua futi kamba, pima gauni likiwa limelala: kwapa hadi kwapa, kiuno, nyonga, na urefu kutoka bega hadi kiuno. Zidisha vya upana kwa mbili. Kisha kumbuka kwamba mwenye gauni wa kwanza alivaa kibana tumbo chini yake.

Inaweza kupanuliwa?

Mara nyingi ndiyo, na hapa ndipo nguo za zamani zinazishinda za sasa. Mafundi waliacha akiba ndani ya mshono wa ubavuni, wakati mwingine inchi nzima. Ifumue, ila angalia kwanza kama kitambaa kilichofichwa kina rangi moja na cha nje, maana jua hufifisha kimoja na kuacha kingine. Usikate, usipunguze mabega, na hifadhi kila ulichotoa, hata pedi, ndani ya bahasha.

## Kufua na kuhifadhi

Naweza kufua kwa maji?

Pamba na kitani imara, kwa mkono, maji ya uvuguvugu, ndiyo. Sufu yenye bitana, hapana. Krepu ya rayoni ya miaka ya 1930 na 1940, usithubutu. Nasema kwa uchungu: niliwahi kulichovya gauni jeusi la krepu kwenye beseni nikijiamini, na mbele ya macho yangu likajikunja hadi likawa la kumtosha mtoto wa darasa la tatu. Kitambaa hicho hulegea na kusinyaa kikilowa, na hakirudi.

Sikwini za miaka ya 1920 na mwanzoni mwa 1930 nyingi zilitengenezwa kwa jelatini. Maji huziyeyusha, pasi huziyeyusha, hata jasho. Na nguo za asetati usiziguse kwa asetoni, yaani dawa ya kutolea rangi ya kucha, kwa sababu hutoboka papo hapo.

Hariri yangu inapasuka yenyewe kwenye mikunjo. Nini kimetokea?

Inaelekea ni hariri iliyoongezwa uzito. Kuanzia mwishoni mwa karne ya 19 hadi miaka ya 1930, viwanda viliitia chumvi za madini, hasa za bati, ili hariri nyepesi ianguke kama nzito na iuzwe kama nzito. Chumvi hizo huula uzi polepole. Hakuna dawa. Usiivae, usiitundike, ilaze kwenye karatasi isiyo na asidi na uitazame tu.

Nakaa pwani, kuna joto na unyevu. Nihifadhi vipi?

Adui wa Mombasa au Dar es Salaam ni ukungu kabla ya nondo. Nguo ikae ndani ya mfuko wa pamba, kamwe isikae kwenye plastiki iliyofungwa, na sanduku lifunguliwe mara kwa mara lipate hewa. Kipande kizee cha amerikani kilichofuliwa kinafaa kuliko mifuko ya bei ghali. Magauni mazito, yenye shanga au yaliyokatwa kwa mshazari, yalale. Karafuu ndani ya kifuko hunukia vizuri, lakini zisiguse kitambaa, mafuta yake yanaacha doa. Udi ufukize chumba, si gauni la hariri.

Ukiona matundu ya nondo kwenye sufu, funga nguo vizuri kwenye mfuko na uiweke friza wiki mbili. Hapo tu ndipo plastiki inaruhusiwa.

Harufu ya kwapa haitoki. Nifanye nini?

Tazama kama kuna vitambaa vya kwapa vilivyoshonewa ndani, vilikusudiwa kutolewa. Vitoe, vibadilishe. Bila hivyo, hewa na kivuli kwa siku kadhaa husaidia kuliko manukato. Doa la jasho la miaka 70 kwenye hariri limeshakuwa sehemu ya hariri.

## Kununua na kuuza

Naweza kupata nguo hizi kwenye mitumba?

Unaweza, ila usiweke nauli juu ya tumaini hilo. Nguo za zamani huchujwa mapema, kwenye maduka ya hisani na ghala za Marekani, kabla belo halijafungwa, kwa sababu wenyewe wanajua bei yake. Kinachopenya hadi Gikomba au Karume ni zaidi miaka ya 1980 na 1990, mashati ya Field Gear na makoti ya sufu. Muuzaji mwenye jicho ataliweka koti la namna hiyo kwenye "kamera", yaani daraja la kwanza, na kukupandishia bei kwa ubora, si kwa historia. Hapo una nafasi.

Nini kinapandisha au kushusha bei?

Hali ya nguo kwanza, saizi inayovalika pili, jina tatu. Mkanda wake wa awali ukiwepo, bei inapanda. Magauni mengi yaliupoteza, na utaona vitanzi viwili vya uzi kiunoni vikiusubiri. Boksi la duka huvutia, lakini watu huweka nguo yoyote ndani ya boksi lolote. Mashimo ya nondo, kwapa zilizochanika na pindo lililokatwa hushusha sana. Doa dogo chini ya pindo halinisumbui.

## Mambo magumu

Nitajuaje kama lebo imebandikwa tu?

Tazama uzi na matundu. Lebo ya kiwandani ilishonwa kabla bitana haijafungwa, kwa hiyo mara nyingi mishono yake haitokei upande wa pili. Lebo iliyoletwa baadaye huwa na uzi mpya, hupenya hadi kwenye bitana, au chini yake kuna kivuli cha lebo nyingine. Kisha linganisha na ushahidi wa umri: ile nguo ya "28 Shop" niliyoitaja juu ilikuwa na zipu ya nailoni, ovaloki kila mahali na poliesta tupu, na muuzaji akisema ni ya 1946.

Si kila lebo ngeni ni ya utapeli, lakini. Nimeona mama mmoja aliyehamisha lebo ya gauni lililochakaa akaishonea kwenye aliloshona mwenyewe nyumbani, kwa fahari tu. Gauni lilikuwa zuri.

Nina koti la chui lenye lebo ya Field's. Naweza kulipeleka nyumbani Kenya au Tanzania?

Usilitie kwenye sanduku. Makoti ya chui yalipendwa sana Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1960, na chui wengi wa Afrika walikufa kwa ajili yake. Mkataba wa CITES, unaodhibiti biashara ya kimataifa ya wanyama na mimea walio hatarini, ulianza kazi 1975, na chui yuko kwenye orodha ya ulinzi mkali kabisa. Kuvuka mpaka kunahitaji vibali vya pande zote mbili hata kama koti ni la bibi yako, na kuuza kuna masharti yake. Bila karatasi ni nyara, na forodha hawatasikiliza habari za urithi.

Na kofia zenye manyoya ya ndege?

Ya mbuni na ya jogoo hayana tatizo. Ya yangeyange na ndege wengine wa porini ni shida: walichinjwa kwa wingi kwa ajili ya kofia, na tangu 1918 sheria ya Marekani ya ndege wahamao inakataza kuuza manyoya ya ndege inaowalinda, hata yakiwa kwenye kofia ya mwaka 1905. Kuyanunua manyoya hayo bila kujua nako hakukupi kinga. Kama hujui ni ndege gani, usiiuze kabla ya kumuuliza anayejua ndege. Muuza kofia si mtu wa kumuuliza hilo.